Mwaka Niliojifunza Kukaa Ndani Mvua Ikinyesha

Tulimzika shangazi yangu Handeni mwezi uliopita, baada ya sala ya adhuhuri, na wanaume walikuwa bado hawajarudi kutoka makaburini mvua ilipoanza kupiga mabati. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake waliokaa mikekani, na mnong'ono wa furaha ukapita kati yao, maana Handeni mvua hata msibani inapokelewa vizuri. Mimi nilikuwa namenya vitunguu. Nilipoinua macho nikamwona Zuhura, mkwe wa marehemu, ananitazama kutoka upande wa pili wa chumba. Siku hizi ni bibi mwenye wajukuu na miguu inamsumbua, lakini jicho lake ni lile lile. Alikuwa anangoja kuona kama nitainuka. Sikuinuka. Vidole vilikuwa vimepoa kabisa, ila niliendelea kumenya, naye akageuza uso akarudi kwenye mazungumzo yake. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua tulikuwa tunakumbuka nini. Tuliobaki tukijua tulikuwa watatu, na mmoja wetu tulikuwa tumetoka kumzika. Niliporudi nyumbani Mkumbara nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza, mwaka ule utabaki kwa mtu mmoja na nusu, kwa sababu kumbukumbu zangu mimi mwenyewe zina mashimo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wakati wa masika, alasiri moja, kipande cha mlima kiliachia juu ya nyumba yetu kule milimani upande wa Lutindi. Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Neema, aliyekuwa na miaka tisa. Majirani walitufukua kwa majembe na kwa mikono kabla jua halijazama. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika na udongo umejaa masikioni. Neema alitoka amekufa. Mkono wangu uliunga vizuri, na watu waliokuja kutupa pole walikuwa wakiushika, wanaugeuza, wanasema, Mungu mkubwa, huyu amepona. Nami nilikubali kwamba nimepona. Sikulia kwenye mazishi. Nilikaa pale kama mtu aliyetumwa kumwakilisha mwingine. Baada ya wiki chache nikaanza kukataa kuingia ndani ya nyumba yoyote wingu likitanda, na siku moja nilimpiga kofi mama mkwe wa jirani yetu kwa sababu alinishika bega kutoka nyuma. Hapo baba akaamua. "Nenda kwa shangazi yako Handeni," alisema. "Kule ni tambarare. Hakuna mlima wa kukuangukia."

Shangazi alikuwa ameolewa na mkulima Mzigua, Mzee Mhina, akasilimu, na watu walimwita Mama Sadiki kwa jina la mwanawe mkubwa. Sadiki alikuwa kibarua mbali, huko Hale, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya Shangazi, mzee, mke wa Sadiki, yaani Zuhura, na mtoto wao Halima, ambaye nilipofika alikuwa bado hajui kukaa. Nilipewa chumba cha kaskazini. Kilikuwa na kitanda cha kamba, gunia la kunde kwenye kona, na ukuta usiofika juu, kiasi kwamba maneno ya chumba cha pili yalipanda yakaniangukia kama yalivyosemwa. Kitanda nilikiacha. Nililala kwenye mkeka karibu na mlango, ndala ziko miguuni. Chakula cha jioni kilikuwa bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa kunde, na wote walikula wameketi kuzunguka sinia. Mimi nilimega tonge nikala nimesimama. Shangazi alinitazama siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu akaacha kunitazama, akawa ananiwekea changu kwenye bakuli ili niende nalo uani.

Leo mtu akiniuliza hofu ile ilifananaje, najibu kwamba ilikaa katika vitu vidogo. Lori likipita barabarani, niliuhisi mtetemo kwenye nyayo kabla sijasikia sauti, na kijiko kinaanguka. Mashine ya kusaga ikiwashwa, mikono inaloa jasho. Lililonishinda zaidi lilikuwa jambo ambalo kila mwanamke wa Handeni alilifanya asubuhi bila kufikiri, kunyunyizia uwanja maji kabla ya kufagia. Harufu ya udongo ikilowa ilinirudisha kule chini mara moja, si kama kukumbuka, bali kama kuwa pale, na nilitapika mara nyingi nyuma ya choo nikidhani hakuna anayeniona. Kumbe walikuwa wananiona. Mchana mmoja, nikiwa nimelala, nilimsikia jirani upande wa pili wa ukuta akimwambia Shangazi, "Mama Sadiki, yule ana kitu. Mtoto mzima hacheki, hali, anaruka ruka. Wamemtupia jini." Shangazi akajibu, "Amefiwa na mdogo wake." Jirani akasema, "Wangapi wamefiwa?" Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Wiki iliyofuata tulikwenda kwa mganga. Alikuwa mzee mpole, akanifukiza, akanifunga kitu mkononi, akanishika kichwa kwa huruma. Sina ubaya wa kusema juu yake. Siku mbili nililala vizuri, siku ya tatu lori likapita.

Vuli ya mwaka ule ilichelewa. Mahindi yalitoka vidole vitatu yakaanza kujikunja, lambo likashuka hadi likaonyesha matope yake, na watu walianza kusalimiana kwa kutazama juu. Ijumaa moja Waislamu wote wa mtaa walitoka kwenda uwanjani kusali sala ya kuomba mvua, wazee, wanawake, na watoto. Shangazi aliniomba niwabebee mkeka. Nilisimama pembeni, msichana Mkristo kutoka milimani, nikasikia mamia ya sauti zikiitikia amina, na ndani yangu nikawa naomba kinyume chao. Niliomba isinyeshe. Nilijua maana yake, nilikuwa nimeyaona mahindi, na nilijua watu hawa ndio wanaonilisha. Bado niliomba. Aibu ya siku ile nimekaa nayo muda mrefu kuliko hofu yenyewe.

Mvua ilikuja siku kumi baadaye, saa nane mchana. Shangazi na mumewe walikuwa shamba. Zuhura alikuwa amekwenda lamboni akaniachia Halima, ambaye sasa alikuwa anatambaa. Nakumbuka nilikuwa nimekaa kizingitini, mtoto yuko nyuma yangu mkekani, sufuria ya kunde iko jikoni mekoni. Tone la kwanza lilipiga bati. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka nilipojikuta nimeshika nguzo ya kibanda cha mashine ya kusaga, mbali kabisa na nyumbani, nimeloa, bila viatu, na fundi wa mashine ananiuliza jina langu. Nilirudi nikikimbia. Zuhura alikuwa amefika kabla yangu. Alimkuta Halima ametambaa hadi jikoni, amekaa hatua moja kutoka kwenye mafiga, analia, na chungu cha maji kimepinduka pembeni yake. Hakuwa ameungua. Zuhura alikuwa amemkumbatia, na nje watoto wa mtaa mzima walikuwa wanacheza mvuani na kupiga vigelegele.

"Wifi," aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, "kama unataka kufa, kufa. Mwanangu usimguse tena."

Nilikaa uani hadi mvua ikaisha. Ni pale, nikiwa nimekalia kinu, ndipo nilipoamua. Kabla ya siku ile nilitaka tu hofu iondoke. Sasa nilitaka kitu kingine: kuwa mtu anayeweza kuachiwa mtoto. Sikujua njia, wala sikujua kama njia ipo, lakini niliazimia kwamba nitakaa ndani ya ile nyumba mvua ikinyesha, hata kama moyo utapasuka.

Njia ilijitokeza kliniki. Zuhura hakuwa anasema nami, ila siku ya kumpima Halima uzito Shangazi alimlazimisha twende pamoja, mimi nibebe kadi. Chumba cha kliniki kilikuwa kidogo, akina mama wamepanga mstari, watoto wananing'inizwa kwenye mzani mmoja mmoja. Upepo ukaubamiza mlango wa bati. Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza, kadi ya Halima imekunjamana kiganjani. Wanawake walicheka, na siwalaumu. Aliyekuwa anapima alikuwa nesi mtu mzima aliyeitwa Paulina, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinama akanichungulia.

"Umeumia?"

"Hapana, nesi."

"Basi kaa hapo hapo mpaka moyo utulie. Sisi tunaendelea."

Akaendelea kupima watoto, nami niko miguuni pake kama paka. Akina mama walipokwisha, alivuta kiti akakaa.

"Ilikuwa nini?"

"Mlango."

"Mlango nimeusikia na mimi. Nakuuliza wewe ulisikia nini."

Nikamwambia nilisikia mlima. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo tangu nifike Handeni. Nesi Paulina alikuwa amefanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa akili kabla ya kuhamishiwa kliniki ya watoto, na hakushtuka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema maneno ambayo ninaweza kuyarudia hadi leo. "Hujarogwa, na huna wazimu. Siku ile mwili wako ulifundishwa jambo moja kwa nguvu: mvua ikipiga, toka. Tangu hapo kila mvua ikija unakimbia, kwa hiyo hujawahi kuiona mvua ikiisha na wewe uko ndani, mzima. Mwili utajuaje?" Nikamuuliza nitapona lini. "Haitoki kama homa. Inapungua. Inapungua mpaka unaweza kupika nayo na kulea nayo. Lakini ni kazi, na utaichukia." Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anasikia yote.

Nesi alimwita Shangazi akamweleza kwamba tusingoje mvua ya kweli, tuanze na kidogo ninachoweza kukivumilia. Wengine wangepuuza. Shangazi alirudi nyumbani, akavua khanga ya juu, akachota mchanga kwenye karai. "Kama tatizo ni kelele za bati," alisema, "kelele tunaweza kuzitengeneza wenyewe." Nikaambiwa nikae chumbani kwangu, mgongo ukutani, na kazi mikononi. Nesi alikuwa amesema nisifumbe macho, nitaje kwa sauti kitu ninachokishika. Kwa hiyo nilichambua kunde. Shangazi, nje, akarusha konzi moja ya mchanga juu ya paa. Nilikuwa uwanjani kabla mchanga haujamaliza kuteremka. Hakunifuata wala hakunibembeleza. "Rudi ndani, mwanangu. Ni mchanga wa Handeni tu." Nikarudi. Tukafanya hivyo mara tatu kwa wiki, alasiri, mzee akiwa shamba. Wiki ya kwanza nilikaa kwa konzi mbili. Baada ya mwezi nilikaa kwa karai zima, nikisema kama mwehu, hii kunde, hii kunde, hii ni jiwe, hii kunde, jasho likinitiririka. Asubuhi nilijipa kazi ya kunyunyizia uwanja mimi mwenyewe. Nilitapika siku nne. Ya tano nilifagia hadi mwisho.

Mzee Mhina alirudi mapema siku moja akamkuta mkewe anarusha changarawe, maana mchanga nilikuwa nimeuzoea. Nilimsikia kutoka ndani. "Nani ananipigia mawe nyumba yangu?" Shangazi akasema, "Ni dawa ya mtoto." "Dawa gani ya mawe?" Akaelezwa. Nikasikia anaweka jembe chini. "Msitumie kokoto kubwa," alisema mwishowe. "Mtatoboa bati." Na mambo yakaishia hapo. Majirani walisema sana, kwamba sasa nyumba nzima imepata wazimu, lakini Shangazi alikuwa mtu wa kusemwa tangu alipoolewa na hakuwa na woga wa maneno.

Karibu na mwisho wa Februari, nikiwa ndani na ungo wangu, changarawe zilianza kuja tofauti. Zilikuwa nzito, za haraka, hazina huruma. Nilishika ungo kwa mikono miwili. Nilitaja kunde, nikataja mkeka, nikataja ukuta, nikataja vidole vyangu kimoja kimoja. Zilipokwisha nilitoka nje nikamkuta Zuhura, karai tupu mkononi, anahema.

"Leo nimezirusha kwa hasira zangu zote," alisema.

"Nimesikia, wifi."

Akanitazama, kisha mdomo ukamcheza, na kabla hatujajua tulikuwa tunacheka wote wawili, tumeegemea ukuta, mpaka Halima akaanza kulia kwa kuona tunacheka bila yeye. Zuhura akamwinua. Hakunipa, lakini hakunigeuzia mgongo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo kunde hazikuligusa, nami nililipeleka kwa Nesi Paulina peke yangu. Nilimwambia kwamba tulipofukiwa, nilikuwa nimemshika Neema mkono. Udongo ulikuja mara mbili. Wa pili ulipokuja, mkono haukuwepo tena. "Nilimwachia," nilimwambia. Yeye hakuharakisha kunituliza. Aliuliza, "Ulimwachia, au mkono ulichomoka?" Nikasema sijui. "Mkono wako ulivunjika wapi?" Nikamwonyesha, juu kidogo ya kifundo. Aliushika pale pale kwa muda. "Huo ndio mkono uliomshika?" Nikasema ndiyo. "Basi usijihukumu kwa jambo usilolijua," alisema. "Na siku ukiweza, mwambie mtu ambaye ni wake pia." Nilielewa ana maana ya mama. Nikamwambia siwezi. Akasema hajaniuliza kama naweza leo.

Masika yalifika Machi mwishoni. Asubuhi moja, mawingu yakiwa yameshajaa upande wa Korogwe, Zuhura alifunga khanga kiunoni, akachukua jembe, akamweka Halima magotini pangu. "Naenda shamba na mama," alisema. "Uji wake uko kwenye chupa." Akaondoka bila kutazama nyuma, na leo, nikiwa nami nimelea watoto wangu, ndipo najua kutotazama nyuma kule kulimgharimu kiasi gani.

Mvua ilianza saa sita. Haikuanza kwa matone, iliporomoka. Nilikuwa chumbani, mgongo ukutani, Halima katikati ya miguu yangu na kunde mbele yetu. Yote niliyojifunza yalitoka kichwani kwa pamoja. Niliona ukuta unasogea. Miguu ilijikunja kutaka kusimama yenyewe, na nilisimama, ndiyo, nilifika mlangoni na mtoto begani, mkono kwenye komeo. Nilisikia sauti yangu inasema, hili ni komeo. Ni la chuma. Ni baridi. Huyu ni Halima. Ana jino la juu linaloota. Ile ni mvua ya Handeni na hakuna mlima. Nikarudi nikakaa. Nililia, kilio cha msiba ambacho sikukitoa mwaka uliopita, nikamlilia Neema kwa sauti na bati likaimeza sauti yote, na Halima akawa ananipapasa uso kwa vidole vyenye uji. Sijui ilikuwa muda wa saa moja au mbili. Najua tu kwamba ikafika wakati nikasikia matone yanahesabika, kisha kuku wanatoka chini ya ghala, na mimi nilikuwa ndani.

Zuhura aliingia ameloa chapachapa, matope hadi magotini. Alisimama mlangoni akatutazama.

"Nimepita mashineni kwanza," alisema. "Nilidhani uko kule."

"Niko hapa."

"Nakuona." Akakamua ncha ya khanga yake. "Amemaliza uji?"

"Mwingi ameupaka usoni kwangu."

Mwezi Juni niliaga, nikapanda milimani. Baba alikuwa amejenga nyumba mpya chini zaidi, mahali penye mteremko mdogo, na siku niliyofika alikuwa amekwenda kupasua mbao. Nilimkuta mama jikoni anapika makande. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana, akanipa kigoda, akaniuliza habari za shangazi, za mzee, za mahindi. Jina la Neema halikutajwa, kama ambavyo halikutajwa siku zote nilizokuwa nyumbani kabla sijaondoka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamhifadhi mwenzake. Manyunyu yakaanza. Mama aliruka, akanishika mkono. "Twende nje, mwanangu, twende." Mwaka mzima alikuwa amebaki na picha ile ya mimi nikikimbia. Nikamwambia, "Hapana, mama. Kaa. Nina neno."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba udongo wa kwanza ulipotufunika tulikuwa bado tunaweza kupumua, na nilikuwa nimemshika Neema mkono. Kwamba tuliongea. Kwamba aliniuliza kama viatu vyake vya shule, alivyokuwa ameviacha kibarazani, vitakuwa vimelowa, nikamjibu nitavianika, na akasema basi. Kwamba alinifinya kidole kuonyesha amesikia. Kisha udongo wa pili ukaja, na mkono ukatoka, na sijui kama niliuachia au ulichomoka, na sitajua. Nilisema yote bila kusimama, nikitazama moto, nikingoja hukumu.

Mama aliuachia mwiko ndani ya sufuria. Makande yalianza kushika chini, tukasikia harufu, na hakuna aliyeepua.

"Waliowafukua waliniambia mlikuwa mbali," alisema mwishowe. "Wewe ukutani, yeye mlangoni. Mwaka mzima nimekuwa nikijua kwamba alikuwa peke yake."

"Hakuwa peke yake, mama."

Alijifuta uso kwa upande wa mkono. Alisogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Nieleze tena," alisema. "Pale pa viatu."

Nikamweleza tena.